Zimwi Lililobisha kwa Adabu

Paukwa!

Pakawa!

Mji?

Una lango.

Lango?

Lina mlinzi.

Mlinzi?

Ajue wa kumfungulia.

Haya, kaeni vizuri. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana leo sina hadithi ya sungura. Leo kuna zimwi, na kuna watu wazima waliokuwa wajinga kuliko nyinyi. Wewe Tabu, acha kumfinya mwenzako.

Hapo kale palikuwa na nchi mbili, Mbwera na Silale. Mbwera ilikuwa juu milimani, watu wake walilima ulezi na kurina asali. Silale ilikuwa chini mbugani, watu wake walichemsha chumvi. Katikati palikuwa na msitu, na msituni palikuwa na njia moja. Chumvi ilipanda kwa njia hiyo, na ulezi ulishuka kwa njia hiyo hiyo.

Nchi hizo zilikuwa watani. Nyinyi mnadhani utani ni kuchekana tu. Utani ni kiapo. Mababu zao walipigana vita mpaka wakachoka kuzika, wakakaa chini wakasema, kuanzia leo tupigane kwa maneno, mikuki tuiweke. Basi ikawa hivyo.

Mtu wa Silale akipanda Mbwera, hakubisha kama mgeni. Alisimama langoni akatukana: "Nyie wapanda vilima wenye matege, mmeamka au mmekufa?" Naye mlinzi wa Mbwera alijibu kutoka ndani: "Pita, mlamba chumvi, ulimi umekukauka kama ngozi ya ngoma." Hapo alifunguliwa. Aliingia, akakamata kuku wa kwanza aliyemwona uani, akachinja bila kuomba ruhusa, wakala pamoja. Mtani hakasirikiwi.

Na msiba ulipotokea, mtani ndiye aliyekuwa na jembe. Kaburi la mtu wa Mbwera lilichimbwa na watu wa Silale, na la mtu wa Silale lilichimbwa na watu wa Mbwera. Mtani alifika, akajitupa kwenye mkeka, akamsema marehemu: alikuwa mchoyo huyu, alikuwa anakoroma huyu, leo tutalala usingizi. Wafiwa walicheka huku machozi yanawatoka.

Tena mtani haitwi msibani. Anasikia, anakuja. Ukimwita, umemfanya mgeni.

Siku moja zimwi likahamia msituni. Lilikotoka hakuna anayejua. Lilikuwa na tumbo kubwa, na halikutafuna, lilimeza. Likammeza mchunga mbuzi, likammeza mrina asali, likammeza mbeba chumvi.

Mtemi wa Mbwera aliitwa Lugendo, mtu mpole, mwenye kuwaza sana. Mashamba yake yalipakana na msitu. Akaona huwezi kupigana na kitu kinacholala nyuma ya shamba lako. Akasema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Akaamuru lipelekewe mbuzi na ulezi kila mwezi unapoandama, lipate kutulia.

Mtemi wa Silale aliitwa Sangija, mtu wa haraka, mwenye sauti kubwa. Watu wake walipita msituni na mizigo ya chumvi vichwani, na hakutaka zimwi litulie, alitaka liondoke. Akasema, hata likikubakiza, limekwisha kukula. Akaamuru msitu uchomwe moto.

Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Mimi simlaumu huyu wala yule kwa hilo. Ninachowalaumu ni kwamba hakuna aliyemwambia mwenzake.

Basi Silale wakachoma msitu upande wao. Zimwi likakimbia moto, likapanda Mbwera, likavunja maghala, likameza watu waliokuwa wakipura ulezi. Mbwera wakalia, wakazidisha chakula ili litulie. Zimwi likanenepa, likapata nguvu mpya, likashuka kwa njia ya chumvi. Huko likakutana na Masele.

Masele alikuwa mjumbe wa Silale. Kwa utani hakuna aliyemweza. Alikuwa akianza kutukana chini ya kilima, anafika langoni watu wa Mbwera wameshika mbavu. Mama yake aliitwa Bi Tungu, mjane, mchemsha chumvi, na hakuwa na mtoto mwingine. Zimwi likammeza Masele mzima mzima, na kilichopatikana njiani ni kikapu chake.

Sasa mnadhani nchi hizo zilipigana? Hazikupigana. Zilitukanana? Hazikutukanana. Zikaanza kuheshimiana.

Lugendo akatuma ujumbe kwamba Mbwera inaheshimu uamuzi wa majirani zake. Sangija akajibu kwamba Silale inaheshimu msimamo wa majirani zake. Watu wa Silale waliopanda milimani sasa walibisha hodi taratibu, wakavua viatu, wakakaa kwenye ncha ya mkeka, wakashukuru kwa maji ya kunywa. Hakuna aliyegusa kuku. Kuku wa Mbwera wakazeeka wakafa kwa uzee. Ukiona hivyo kati ya watani, ujue nyumba inaungua.

Na zimwi lilikuwa linasikiliza.

Zimwi lile lilikuwa na uchawi wake. Kila liliyemmeza, lilichukua sauti yake. Lakini maneno halikuyachukua yote, lilichukua yale tu ambayo mtu aliyasema mbele yake. Na mtu akisimama mbele ya zimwi husema nini? Husema tafadhali. Husema nakuomba, bwana mkubwa. Kwa hiyo zimwi lilijua adabu tu: hodi za adabu lilizosikia njiani liliweza kuziiga, matusi hayakulikaa ulimini. Zamani, lango la Mbwera na lango la Silale yasingelifungukia hata kidogo. Sasa likaona njia.

Siku moja likaenda lango la Mbwera, likajibanza nyuma ya magogo, likaimba kwa sauti ya mbeba chumvi:

*Hodi hodi wenye mji,*
*nimetumwa na Silale,*
*kwa heshima na adabu,*
*fungueni nisalimu.*

Mlinzi akasikia heshima, akasikia adabu, akajua ni watu wa Silale, maana ndivyo walivyokuwa siku hizo. Akafungua. Zimwi likammeza yeye na waliokuwa karibu naye, likarudi msituni.

Halafu likashuka Silale kwa sauti ya mrina asali:

*Hodi hodi wenye mji,*
*nimetumwa na Mbwera,*
*kwa heshima na adabu,*
*fungueni nisalimu.*

Na huko wakafungua, na huko likameza.

Mbwera wakasema, tumewafungulia wajumbe wa Silale, watu wetu wamepotea. Silale wakasema, tumewafungulia wajumbe wa Mbwera, watu wetu wamepotea. Lakini walisema hivyo kila mtu kwake. Walipokutana njiani walisema tu kwamba wana masikitiko. Hawakupigana, hawakutukanana, waliheshimiana. Mwisho hata njiani hawakukutana tena. Ulezi ukaingiwa na wadudu juu, chumvi ikaganda chini.

Basi katika hali hiyo, mama yake Mtemi Lugendo akafa.

Aliitwa Bi Kabula, bibi mfupi mwenye mkongojo, mdomo kama shoka. Watu wakamwosha, wakamlaza kwenye mkeka, wakakoka moto wa msiba uani, wakakaa kumngoja mtani mwenye jembe. Siku ikapita, mtani hakuja. Siku nyingine ikapita, mtani hakuja. Kukapambazuka tena, na mtani hakuja.

Kilichokuja ni ujumbe kutoka kwa Sangija, kwamba Silale inaungana na Mbwera katika kipindi hiki kigumu. Aliyeuleta aliusema nje ya lango akaondoka. Mkononi hakuwa na jembe.

Lugendo alikaa kando ya mama yake, ameshika tawi la majani, anafukuza nzi. Mtemi mzima, anafukuza nzi. Wazee wakamwambia, tuchimbe wenyewe, jua ni kali, mama ataharibika. Akawaambia, "Nikimchimbia mama kwa jembe langu, nimetangaza kwamba Mbwera haina mtani. Kesho tutarudi kwenye mikuki." Wakamwambia basi atume mtu akawaite Silale. Akasema mtani haitwi.

Na huko Silale, Sangija naye alikuwa akizunguka uani kwake, hali wala hanywi. Watu wakamwuliza kwa nini hawaendi. Akasema, hatuwezi kwenda tusikotakiwa. Wakitutaka, watatuita.

Mmeona ujinga? Huyu haiti, yule haendi, na maiti anavimba.

Habari ya msiba ilimfikia Bi Tungu, mama yake Masele, akiwa kwenye chungu chake cha chumvi. Neno la kwanza lililomtoka lilikuwa baya. Alisema, na waoze wote, ndio waliomnenepesha aliyemmeza mwanangu. Akaendelea kukoroga.

Alikoroga, akakoroga, mwiko ukawa mzito. Maana alikumbuka jambo. Wakati wa msiba wa Masele, Mbwera walituma maneno mazuri, na hakuna aliyekuja ila mmoja. Bi Kabula alikuja peke yake, na mkongojo wake, akipita msitu ule ule. Akaingia uani, akajitupa kwenye mkeka, akasema, "Masele huyu alikuwa mvivu. Kaona kilima kirefu, kaamua kupanda zimwi limbebe." Bi Tungu aliposikia hivyo alichukua mchi akamfukuza. Bibi wa watu akapanda njia polepole, hakujibu neno.

Sasa Bi Tungu aliona kwamba katika msiba ule wote, watu walimwita mwanawe marehemu. Aliyemwita Masele alikuwa yule bibi.

Akaondoa chungu motoni, akachukua jembe. Njiani Sangija akamzuia, akamwuliza kama amekwisha kuwasamehe wapanda vilima.

"Mtemi, siendi kusamehe," alisema Bi Tungu. "Naenda kuchimba."

Sangija akamwambia kwamba akienda, aende kwa jina lake mwenyewe, si kwa jina la Silale. Bi Tungu akampita kama kisiki.

Akaingia msituni jua likiwa kali. Aliogopa, msifikiri hakuogopa. Alipita palipoungua, akapita palipokutwa kikapu cha Masele, akapita penye kamba walizofungiwa mbuzi wa Mbwera. Alipokaribia lango akasikia sauti, akasimama.

*Hodi hodi wenye mji,*
*nimetumwa na Silale,*
*kwa heshima na adabu,*
*nichimbe kaburi lenu.*

Ilikuwa sauti ya Masele.

Bi Tungu akashika mti. Sauti ya mtoto wako utaikosa? Ikaendelea, "Tafadhali, nakuomba, bwana mkubwa, tafadhali." Na Masele katika maisha yake hakuwahi kumwambia mtu wa Mbwera tafadhali. Hapo ndipo mama yake alipojua mwanawe alikufa akisema nini. Uchungu ule nisiwaeleze, siwezi.

Ndani, walinzi walikuwa wapya, waliomjua Masele walikwisha kumezwa, nao wakafurahi. Hatimaye Silale wamekuja kuchimba. Mlinzi akaanza kuinua komeo.

Bi Tungu angeweza kugeuka akarudi. Zimwi lilikuwa halijamwona. Nchi iliyolinenepesha zimwi ilikuwa inajifungulia yenyewe, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alitoka nyuma ya mti na jembe lake begani, akasimama hatua chache tu kutoka kwenye mgongo wa zimwi, akapaza sauti.

"Nyie wapanda vilima wenye matege, bibi mfupi kama kinu amewashinda kuzika? Mnangoja aamke ajichimbie? Funga lango hilo, wewe mwenye kichwa cha kibuyu, unamfungulia nani?"

Mlinzi akaganda, komeo mikononi. Maneno hayo hayakuwa yamesikika langoni pale tangu kuku walipokuwa vifaranga.

Zimwi likageuka, likamwona. Lingemmeza, lakini lango lilikuwa karibu kufunguka, na likatamani mji mzima. Basi likatia sauti utamu, likasema tafadhali, nawaomba msimsikilize mama huyu, mimi nimekuja kwa heshima na adabu.

Lugendo alisikia kelele, akatoka kando ya mama yake akaja langoni, tawi la nzi bado mkononi. Akasikiliza huku, akasikiliza kule. Akasema, "Wewe mwenye adabu, kama kweli umetoka Silale, nitukane."

Zimwi likaimba hodi yake upya.

"Nitukane," alisema tena. "Hata tusi dogo."

Zimwi likatafuta tumboni mwake kote, halikupata. Likasema, "Nakuomba, bwana mkubwa."

Lugendo akajua. Akamwashiria mlinzi arudishe komeo. Akajua pia kwamba mama wa watu yuko nje, peke yake, na zimwi. Lango limefungwa, mji umesalimika, angeweza kuliacha vile vile. Na Lugendo alikuwa mtu wa kulisha, hakuwahi kupeleka moto kwa zimwi, aliuona moto ni kichaa cha Silale. Zimwi likanyoosha mkono kumshika Bi Tungu. Likapata kaniki yake, naye akalipiga jembe la kidole huku anatukana.

Basi Lugendo akakimbilia moto wa msiba wa mama yake. Akachomoa kijinga kinachowaka, na watu wake wakachomoa vijinga, wakafungua lango wenyewe wakatoka. Waliogopa, lakini walitoka. Zimwi lilikuwa limewazoea Mbwera kama watu wa kuleta mbuzi. Lilipoona watu wale wale wanakuja na moto, likachanganyikiwa, likaachia kaniki, likakimbia.

Najua mnangoja nini. Mnangoja niseme walilikata kidole, na Masele akatoka tumboni anacheka. Hakutoka. Liliyemmeza limemmeza. Ningekuwa na hadithi ya kumtoa, ningewapa.

Bi Tungu hakupumzika. Akaingia, akafika kwenye mkeka, akajitupa kando ya Bi Kabula, akamwambia, "Mfupi wewe, kaburi lako nitalichimba la kuku, unatosha." Lugendo akacheka mpaka akaketi chini, na kicheko kikageuka kilio, ndipo kwa mara ya kwanza akamlilia mama yake.

Bi Tungu akaanza kuchimba. Ardhi ya mlima ni mawe. Hakuna mtu wa Mbwera aliyeruhusiwa kumsaidia, ndiyo mila, wakabaki kumtazama mama mmoja anapigana na mawe. Jua likawa linashuka. Ndipo sauti kubwa ikasikika langoni.

"Wapanda vilima, mmemtesa mama yetu, majembe yenu mnayalia ugali?"

Mlinzi hakuuliza ni nani. Alikuwa Sangija, na nyuma yake wanaume wa Silale na majembe. Alimwona Bi Tungu akiingia msituni peke yake, akarudi nyumbani, akashindwa kukaa. Akapita uani kwa Lugendo, akakamata kuku, akampa mpishi, akashuka kaburini.

Bi Kabula akazikwa siku hiyo hiyo.

Baada ya maziko wale watemi wawili wakagombana. Waligombana kweli kweli, mbele ya watu. Lugendo akamwambia Sangija kwamba moto wake umewafukuzia zimwi nyumbani kwao, yeye na akili yake ya magadi. Sangija akamwambia Lugendo kwamba mbuzi wake wamemmeza Masele, yeye na upole wake wa kondoo. Wakasema yote waliyoyafunga mioyoni tangu walipoanza kuheshimiana. Hawakukubaliana. Lugendo alibaki kuamini kwamba moto haumalizi zimwi, Sangija alibaki kuamini kwamba chakula hakilishibishi. Lakini walikubaliana hivi: Silale hawatachoma msitu kabla ya Mbwera kujua, na Mbwera hawatapeleka hata punje kabla ya Silale kujua. Na asiyejua kutukana hafunguliwi.

Zimwi bado lipo. Linabisha huku, linabisha kule, kwa heshima na adabu. Hakuna anayefungua. Limekonda.

Ulezi ulipoanza kushuka tena, Mbwera nao wakashuka Silale. Walikuwa na msiba wa kuhudhuria, walikuwa wamechelewa sana. Masele hakuwa na mwili wa kuzikwa, hata hivyo walichimba kaburi, wakalaza kikapu chake. Lugendo akajitupa kwenye mkeka. Aliona aibu. Halafu akasema, "Masele huyu alikuwa na kelele, nyani walihama kwa ajili yake. Sisi wapumbavu wa kilimani tulilinenepesha zimwi, likapata nafasi ya kumweka. Sasa nani atatutukana vizuri?"

Bi Tungu akacheka. Akacheka, halafu akalia, akalia sana, wanawake wakamshika. Alipotulia akafuta uso kwa kaniki yake iliyochanika, akamtazama Mtemi wa Mbwera aliyekaa mavumbini.

"Wewe matege," akamwambia, "umekuja msibani kukaa? Maji yamekwisha. Nenda kisimani."

Naye Mtemi akainuka, akachukua mtungi, akaenda.

Hadithi yangu imeishia hapo, na anayetaka kuirefusha airefushe kwao. Funzo lake ni hili: ndugu akikukosea, mwambie usoni hata kwa ukali. Mkinyamaziana kwa adabu, atakuja mwingine abishe hodi kwa sauti ya ndugu yako, nawe utamfungulia.